Mwenye mlango ana dhamana gani?

NDUGU msomaji, hukumu ya ulevi na dawa za kulevya inajulikana katika nyumba zetu, na hatukukusudia kuirudia leo. Liko jambo jingine katika mikesha ya muziki ambalo sisi wazazi hatulizungumzi vya kutosha. Yule anayeandaa mkesha, akakodi ukumbi, akasimamisha mabaunsa mlangoni na kupokea kiingilio mkononi mwa kijana, anakuwa amebeba dhamana gani juu ya roho ya kijana huyo mpaka atakapotoka salama?

Mara nyingi msiba unapotokea tunamgeukia kijana: alikwenda kufuata nini? Swali hilo lina nafasi yake. Lakini kijana hakujenga ukumbi, hakuhesabu milango ya dharura, hakuuza tiketi kupita nafasi zilizopo, wala hakufunga bomba la maji. Hizo ni kazi za watu wazima waliomo katika biashara. Ili tulione jambo hilo kwa uwazi, tumeona tuitazame historia ya mikesha mikubwa ya muziki wa elektroniki, iliyojulikana ulimwenguni kwa jina la reivu, hasa ilivyokuwa Uingereza na Ujerumani. Tumezichagua nchi hizo kwa kuwa yaliyotokea huko yalifika mahakamani na bungeni, yakaandikwa, na mwenye kutaka kuzingatia anayo ya kuzingatia.

Chimbuko lake

Muziki wenyewe haukuanzia Ulaya. Mwaka 1977, katika mji wa Chicago nchini Marekani, mwandaaji aitwaye Robert Williams alifungua ukumbi uliokuja kuitwa The Warehouse, yaani ghala, akamleta Frankie Knuckles kutoka New York awe dijei wake. Wengi waliokwenda pale walikuwa vijana weusi na wenye asili ya Amerika ya Kusini, watu ambao katika kumbi nyingine hawakukaribishwa. Pombe haikuuzwa. Mtindo uliotokana na ukumbi ule ukaitwa hausi, kwa kulifupisha jina lake, na mwaka 2023 mji wa Chicago uliliingiza jengo hilo katika orodha ya majengo ya kihistoria yanayolindwa. Huko Detroit nako, katika miaka ya 1980, vijana watatu, Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson, walitumia mashine za ngoma na vinanda vya umeme kutengeneza mtindo wa tekno.

Katika majira ya joto ya 1987, kundi dogo la madijei wa London lilikwenda mapumzikoni katika kisiwa cha Ibiza, Hispania. Huko waliisikia hausi ikipigwa mpaka alfajiri, wakaona pia kidonge kiitwacho ekstasi kikitumiwa na wachezaji. Mmoja wao, Danny Rampling, alipurudi nyumbani alifungua pamoja na mkewe klabu ya Shoom mwishoni mwa mwaka huo, ndani ya jumba la mazoezi ya viungo kusini mwa London. Jambo lililoanza kwa watu mia kadhaa likawa la makumi ya maelfu kabla miaka miwili haijatimia.

Kuhusu kidonge hicho, waandaaji hawakuwa na udhuru wa kutojua. Kemikali yake ilitengenezwa mara ya kwanza na kampuni ya Merck ya Ujerumani mwaka 1912, na Uingereza iliipiga marufuku mwaka 1977 katika daraja la dawa hatari kabisa. Kila aliyefungua mlango wa mkesha baada ya hapo alifahamu nini kingeingia pamoja na umati.

Hesabu za usiku mmoja

Hebu tuiangalie biashara yenyewe. Promota hukodi ghala au uwanja, huleta spika, jenereta, taa na madijei, huchapisha vipeperushi na kuuza tiketi. Faida yake ni kiingilio. Mwenye ukumbi hutegemea zaidi mauzo ya vinywaji. Wa kwanza hupata zaidi kadiri watu wanavyoongezeka, wa pili kadiri wanavyokunywa. Katika hesabu hizo usalama huonekana kuwa ni hasara tupu: mlango wa dharura hauuzi kitu, wala mhudumu wa huduma ya kwanza haingizi senti.

Mwaka 1989 promota aliyesikika zaidi Uingereza alikuwa Tony Colston-Hayter, mwenye kampuni ya Sunrise. Yeye na wenzake walizitumia barabara mpya za kuuzunguka mji wa London, zilizokamilika mwaka 1986, kuwafikisha vijana mashambani. Mahali pa mkesha hapakutangazwa mapema. Mnunuzi wa tiketi alipewa namba ya simu, na usiku ule ule alipiga na kusikiliza sauti iliyorekodiwa ikimwelekeza njia. Polisi walipokuja kupatambua, maelfu walikwisha kuingia, na kuwatawanya gizani kukawa na hatari kubwa kuliko kuwaacha. Mwezi Juni 1989, mkesha mmoja wa Sunrise katika uwanja mdogo wa ndege wa White Waltham, magharibi ya London, ulikusanya watu wapatao 11,000.

Msomaji atazame athari ya mbinu hiyo. Kijana anayepewa anwani saa nne za usiku hawezi kumuaga mzazi wake kwa ukweli hata kama angetaka, kwa kuwa naye hajui anakokwenda. Siri iliyowekwa kuwakwepa polisi iliwaficha vijana na watu wao wenyewe. Leo simu ile ya sauti iliyorekodiwa imekuwa ujumbe kwenye simu ya mkononi, na mbinu ni ile ile.

Mlango ulipotekwa

Kisa kinachofundisha zaidi ni cha klabu ya Haçienda katika mji wa Manchester. Ilifunguliwa Mei 21, 1982, katika jengo lililokuwa duka la maonyesho ya mashua. Waliotoa fedha walikuwa kampuni ya santuri ya Factory, iliyoongozwa na Tony Wilson, pamoja na bendi ya New Order, ambayo mauzo ya santuri zake yaliibeba klabu hiyo kwa miaka mingi. Wanamuziki hao walitaka kuupa mji wao mahali pazuri pa vijana, wala hawakuwa watu wa ulaghai. Miaka ya mwanzo ukumbi ulikuwa mtupu siku nyingi. Ilipofika 1988, kwa nguvu ya hausi, foleni ilizunguka jengo.

Hapo ndipo ajabu ilipotokea. Ukumbi ulijaa, na fedha zikazidi kupotea. Kijana aliyemeza ekstasi hanunui pombe. Hucheza saa nyingi na kuomba maji. Faida ya usiku ikahama kutoka kaunta ya vinywaji kwenda mfukoni mwa mtu wa tatu, yule muuza vidonge, ambaye hakulipa pango, wala umeme, wala kodi. Na kwa kuwa faida ilikuwa kwake, yeye ndiye aliyeutamani mlango. Anayeshika mlango ndiye anayeamua ni muuzaji gani aingie na yupi azuiwe, na magenge ya Manchester yalilijua hilo kabla ya wenye klabu kulielewa.

Mwezi Julai 1989 msichana wa miaka 16 alifariki baada ya kumeza kidonge katika klabu hiyo. Mwaka uliofuata polisi waliomba leseni ifutwe, na wakili mashuhuri George Carman akaitetea klabu mbele ya mahakimu, ikapewa muda wa kujirekebisha. Mwishoni mwa Januari 1991, baada ya walinzi wa mlangoni kutishwa kwa bunduki, uongozi uliufunga ukumbi kwa hiari yake. Ulifunguliwa tena mwezi Mei ukiwa na mashine ya kukagua silaha kama ile ya viwanja vya ndege, lakini utulivu haukurejea. Juni 1997 ulifungwa moja kwa moja, baadaye ukabomolewa, na mahali pake pakajengwa nyumba za kuishi zilizopewa jina lile lile. Peter Hook, mpiga gitaa la besi wa New Order, alikuja kuandika kitabu mwaka 2009 ambacho hata jina lake lilikiri kwamba hivyo ndivyo klabu isivyopaswa kuendeshwa.

Tunalolipata hapa ni kwamba nia njema ya mwenye nyumba haimlindi mgeni. Wenye Haçienda waliupenda muziki na mji wao, lakini mlango wao ulitoka mikononi mwao, na aliyeutwaa hakuwa na haja na uhai wa mtu.

Bomba la maji

Madaktari wanaeleza kuwa kidonge hicho hupandisha joto la mwili. Mchezaji akiwa katika chumba kilichofungwa, akaruka saa nne au tano bila kupumzika, joto hilo linaweza kufikia kiwango cha kuua. Kwa mtu wa namna hiyo, maji, hewa na mahali pa kupumzikia ni uhai. Na katika miaka hiyo, zilikuwako klabu zilizofunga maji baridi ya mabomba ya vyooni ili vijana walazimike kununua chupa kwenye kaunta. Kitu ambacho bawabu wa msikiti humpa mpita njia bure, huko kilifungwa kwa kufuli ili kuziba pengo la mauzo ya pombe.

Ujinga wa kitabibu nao ukaongeza msiba. Novemba 1995, msichana wa Essex alimeza kidonge nyumbani kwao katika sherehe ya kutimiza miaka 18, kidonge kilichotoka kwenye klabu. Alikuwa amesikia kwamba ni lazima kunywa maji, akanywa takriban lita 7 kwa muda usiozidi dakika 90. Dawa ile huuzuia mwili kuyatoa maji, ubongo wake ukavimba, akafariki.  Magazeti ya nchi nzima yaliiweka picha yake, na wazazi ambao hawajawahi kusikia neno ekstasi wakalisikia siku hiyo.

Ilichukua mpaka mwaka 2010 kwa kanuni ya leseni za England na Wales kutamka kwamba ukumbi unaouza pombe lazima utoe maji ya bomba bure kwa mteja anayeyaomba. Miaka zaidi ya 20 ilipita tangu Shoom kufunguliwa hadi glasi ya maji kuwa haki ya mteja.

Sheria iliyokuja nyuma ya jeneza

Bunge la Uingereza lilianza na waandaaji. Sheria ya 1990, iliyopelekwa na mbunge Graham Bright, ilipandisha adhabu ya mkesha usio na leseni hadi faini ya pauni 20,000 na kifungo cha miezi 6. Waandaaji wa tiketi walirudi kwenye kumbi zenye leseni. Wale wa mikesha ya bure waliendelea, na Mei 1992 zaidi ya watu 20,000 walikusanyika kwa karibu wiki nzima katika malisho ya Castlemorton, bila kiingilio, bila mwenye dhamana, na wanakijiji wakabaki wakiteseka kwa kelele na uchafu. Watu 13 walishtakiwa kwa kuyaandaa hayo, na mwaka 1994 wote waliachiwa huru.

Mwaka huo huo ilipitishwa sheria iliyowapa polisi uwezo wa kuwatawanya watu 100 au zaidi waliokusanyika usiku mahali pa wazi kwa muziki mkubwa usio na kibali, na kwa mara ya kwanza wanasheria wakaandika katika sheria maelezo ya muziki wa mapigo yanayojirudia. Wengi waliipinga, wakasema serikali inaadhibu muziki ilhali maradhi yapo kwingine.

Kwa maoni yetu, sheria iliyogusa shina ilikuja kimya kimya mwaka 2001. Ilianzisha mamlaka ya kusimamia walinzi binafsi, na kutokana nayo kila baunsa akalazimika kuwa na leseni, kupata mafunzo na kuchunguzwa kama amewahi kutiwa hatiani. Ndipo mlango, uliokuwa mali ya mwenye misuli, ukawa kazi inayoulizwa maswali.

Hata hivyo mjadala haukwisha. Klabu ya Fabric ya London, iliyofunguliwa mwaka 1999 katika majengo ya zamani ya kuhifadhia nyama baridi, ilinyang'anywa leseni Septemba 2016 baada ya vijana wawili wa miaka 18 kufariki katika miezi michache. Wako waliosema kuifunga ni kuwasukuma vijana kwenye maghala yasiyo na mlinzi wala gari la wagonjwa. Wako waliosema roho mbili zatosha. Mwishowe ilifunguliwa tena Januari 2017 kwa masharti mazito: vitambulisho kukaguliwa kwa mashine, wenye umri chini ya miaka 19 kutoingia katika mikesha ya mwisho wa wiki, na anayekamatwa na dawa kufukuzwa maisha. Pande zote mbili za mjadala ule zilikubaliana juu ya jambo moja, kwamba mwenye ukumbi hawezi kusema hayamhusu.

Njia moja ya kuingilia na kutokea

Tusidhani kwamba hatari yote imo katika vidonge. Huko Berlin, mwaka 1989, watu wapatao 150 waliandamana barabarani nyuma ya gari lenye spika, wakaliita tukio lao Love Parade. Miaka 10 baadaye lilikusanya zaidi ya watu milioni moja. Lilipohamishwa miji mingine, mwandaaji wake akawa mfanyabiashara wa majumba ya mazoezi ya viungo, na jina la tukio likawa tangazo la biashara.

Julai 24, 2010, lilifanyika katika mji wa Duisburg, katika eneo la zamani la stesheni ya mizigo lililozungushiwa uzio. Kibali kilikuwa cha watu wasiozidi 250,000 kwa wakati mmoja, huku tangazo likijivunia watu milioni moja na zaidi. Njia ya kuingia ilipita katika mahandaki na kuishia kwenye mteremko mmoja, na mteremko huo huo ndio uliokuwa njia ya kutokea. Wanaoingia na wanaotoka walikutana hapo. Waliokuwa nyuma hawakujua yanayotokea mbele, wakaendelea kusukuma. Watu 21 walifariki kwa kubanwa vifua, na mamia wakajeruhiwa.

Meya wa mji aliondolewa kwa kura ya wananchi Februari 2012. Kesi ya watu 10, watumishi wa mji na wa kampuni ya mwandaaji, ilianza Desemba 2017, na Mei 2020 ikafungwa bila hukumu juu ya mtu yeyote. Wazazi wa watoto 21 waliondoka mahakamani bila kuambiwa ni nani aliyekosea. Kosa lilikuwa limegawanywa vipande vidogo vidogo, kila mmoja akibeba kipande kisichotosha kumtia hatiani.

Kwetu nako

Wala msiba wa namna hiyo haukutukosa sisi. Oktoba 1, 2008, siku ya Idd el Fitr, katika mji wa Tabora, watoto wapatao 20 walifariki katika ukumbi wa dansi uliojazwa kupita kiasi kwa ajili ya disko toto. Walivaa nguo mpya za sikukuu, na wengi wao wazazi wao ndio waliowapa fedha ya kiingilio. Hapakuwa na kidonge wala pombe katika kisa kile. Palikuwa na watoto wengi, hewa haba, njia finyu na tiketi zilizoendelea kuuzwa. Tangu wakati huo, katika sikukuu nyingi, Jeshi la Polisi limekuwa likiikumbusha jamii marufuku ya disko toto. Na kukumbusha huko mara kwa mara kunaonyesha kwamba wako wanaosahau.

Muziki wa elektroniki nao umekwisha kupata makazi Afrika Mashariki. Singeli, iliyozaliwa katika mitaa ya Dar es Salaam kama Manzese na Tandale na kukuzwa katika mikesha ya vigodoro, leo hupigwa na madijei wa Ulaya. Karibu na Jinja, Uganda, tangu 2015 hufanyika tamasha kubwa la muziki huo, ambalo jina lake kwa Kiswahili halitamkiki mbele ya watoto, ingawa wenyewe huelezea kuwa kwa Kiganda ni hamu ya ghafla ya kucheza. Mwaka 2018 waziri wa maadili wa nchi hiyo alijaribu kulizuia, na likafanyika. Biashara imeshafika kwetu, na yatupasa tuwe na maswali yake.

Maswali ya kuuliza mchana

Katika jamii yetu wamo wenye kumbi. Kumbi hizo hukodishwa kwa harusi, kwa maulidi, kwa mahafali na kwa dansi. Mwenye ukumbi aliyepokea kodi asijidanganye kwamba yanayotokea ndani ni shauri la mpangaji. Ukumbi wake unachukua watu wangapi, na nani atasimama kuhesabu? Milango mingapi hufunguka kwa ndani, na je, usiku huo imetiwa kufuli ili watu wasiingie bure? Mabaunsa wameajiriwa na nani, na wanamjibu nani? Maji yako wapi? Akianguka mtu, nani atambeba, na gari litapita wapi?

Mzazi naye asitosheke na kukataza. Yuko kijana atakayekatazwa akatii, na yuko atakayepitia dirishani. Huyu wa pili pia ni mtoto wetu. Ajue kwamba akizidiwa, au mwenzake akizidiwa, anaweza kupiga simu nyumbani saa yoyote na atafuatwa kwanza, maneno yakasubiri asubuhi. Vijana kadhaa katika visa tulivyovisoma walichelewa kupelekwa hospitali kwa sababu wenzao waliogopa kusema walichomeza.

Na siku ya Idd ijayo, mtoto akiomba fedha ya kwenda penye muziki, twende naye kwanza mchana mpaka kwenye ukumbi wenyewe, tuizunguke nyumba, tuhesabu milango, tumuulize mwenye nayo maswali hayo. Asiyeweza kuyajibu mchana, ukumbi ukiwa mtupu, hatakuwa na jibu usiku utakapojaa.